Pretty in Pink: mwisho uliozomewa ukabadilishwa

Kwa wale ambao hawajaiona, Pretty in Pink ni filamu ya Marekani iliyotoka Februari 1986. Aliyeiandika ni John Hughes (alifariki 2009), na mwongozaji ni Howard Deutch. Molly Ringwald, aliyekuwa na miaka 17 wakati inapigwa, anacheza kama Andie, binti wa sekondari kutoka familia ya kimasikini. Mama aliondoka zamani. Baba (Harry Dean Stanton) hana kazi ya maana na bado anaota mkewe atarudi. Andie anauza santuri dukani, nguo zake anashona mwenyewe.

Duckie (Jon Cryer), rafiki yake tangu utotoni, anampenda hadi basi. Yeye moyo uko kwa Blane (Andrew McCarthy), mtoto wa kitajiri. Blane anamwalika kwenye dansi kubwa la shule, halafu marafiki zake wanamdharau binti wa watu, jamaa anaingia mitini. Andie anapombana, anadai eti alishamwalika mwingine akasahau! Jamani.

Sasa utamu wenyewe. Mwanzoni filamu iliishia Andie akicheza dansi na Duckie. Ikaonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, wakazomea. Walimtaka Blane. Basi ikabidi mwisho upigwe upya. McCarthy alishanyoa nywele kwa ajili ya mchezo wa jukwaani, akavishwa wigi, na ukimwangalia vizuri pale mwishoni utaliona. Kundi la OMD la Uingereza likatunga haraka If You Leave ili uendane na mwisho mpya, wimbo ukafika namba 4 Marekani.

Mimi naona Blane alisamehewa kwa bei rahisi mno. Mtu aliyekuonea aibu mbele za watu, maneno mawili matatu tu yanatosha? Ila nawaelewa pia waliozomea: Duckie kung'ang'ania miaka yote hakumfanyi Andie awe na deni kwake. Kwangu mimi filamu iko pale binti anapokata magauni mawili, anashona moja la waridi, anakwenda dansini peke yake ili wamwone hajavunjika. Hapo hakuna mvulana anayehitajika.

Hughes naye inaonekana hakuridhika. Mwaka 1987 akatoa Some Kind of Wonderful, mwongozaji yuleyule, safari hii kijana masikini wa kiume. Akamwacha mrembo, akamfuata rafiki yake wa siku zote.