Injini ya Zamani: Kufanya Ovahoo, Kununua ya Mtumba au Kuuza Gari?

Mizigo midogo inayopita Namanga, Holili, Mutukula na Tunduma hubebwa kwa wingi na magari ya zamani, hasa Toyota Hiace. Injini inapoanza kutoa moshi na kula oili, mmiliki huwa na njia tatu: kuifanyia ovahoo, kufunga injini ya mtumba au kuuza gari lilivyo. Wengi hupata hasara kwa kukubaliana bei na fundi kabla injini haijapimwa.

Thamani ya gari la zamani

Kuagiza gari jingine si rahisi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria inayozuia kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya umri mkubwa. Kwa sababu hiyo, gari la zamani lenye bodi na chasisi nzima bado ni mtaji.

Kupima kwanza

Moshi wa bluu ni dalili ya oili kuungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji yakipungua kwenye rejeta, huashiria gasketi ya silinda hedi au hedi iliyopasuka. Moshi mweusi mara nyingi hutokana na mafuta kuzidi hewa, na huweza kutibiwa bila kufungua injini.

Kipimo cha kompresheni huonyesha silinda iliyo dhaifu. Kwa injini ya petroli, fundi humimina oili kidogo ndani ya silinda hiyo na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi au silinda zimelika. Kisipopanda, tatizo huwa kwenye vali au gasketi, na kazi inaweza kuishia kwenye hedi kwa gharama ndogo zaidi.

Ovahoo ni nini

Kubadili ringi peke yake kwenye silinda zilizolika si ovahoo. Moshi hurudi baada ya muda mfupi. Silinda zilizolika huchongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa mfano kwa milimita 0.50. Krenki husagwa na kufungwa beringi za saizi yake mpya. Hedi husawazishwa, na pampu ya oili hukaguliwa. Kama injini iliharibiwa na joto, rejeta nayo lazima ishughulikiwe, la sivyo injini mpya itakufa kwa ugonjwa uleule.

Injini ya mtumba na namba yake

Injini ya mtumba hufungwa kwa siku chache, lakini historia yake haijulikani. Pia ina namba tofauti. Namba ya injini huandikwa kwenye kadi ya gari, na hutumika katika hati za kuvukia mpaka. Namba isipolingana na kadi, gari linaweza kuzuiliwa pamoja na mzigo. Mnunuzi adai risiti na hati za ushuru, kisha abadilishe kadi kabla ya safari. Ovahoo inayobakiza bloku ileile haibadilishi namba.

Hesabu

Tuseme Hiace huuzwa Sh. milioni 12 ikiwa nzima, na Sh. milioni 7 ikiwa na injini mbovu. Tofauti ni milioni 5. Ovahoo ikigharimu milioni 3.5, na gari likikaa gereji wiki 3 huku likikosa faida ya Sh. 200,000 kwa wiki, gharama kamili ni milioni 4.1. Kazi inalipa, kwa Sh. 900,000 tu. Krenki ikikutwa imepasuka na bei ikaongezeka kwa milioni 1, hesabu inageuka.

Kwa hiyo makubaliano yawe ya hatua mbili: malipo ya kufungua na kupima, kisha bei ya kazi baada ya vipimo kuonekana. Bodi ikiwa imeoza au giaboksi nayo ikiwa mbovu, heri kuuza gari lilivyo. Mkopo wa kutengeneza injini hauna faida ikiwa gari litasimama tena kabla haujalipwa.