Keremkerem na Wanubi wa Kibra

Kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899, wala askari yeyote hajapewa kipande cha ardhi katika msitu wa Kibra, keremkerem wa Ulaya alikuwa akipita juu ya mabonde ya huko mara mbili kwa mwaka: hushuka kusini majira ya vuli, baina ya Septemba na Novemba, akitokea pande za Sham, Misri na Arabuni, na hurejea alikotoka mwishoni mwa Machi na mwezi wa Aprili, masika yanapoingia.

Ni ndege aliyejaaliwa uzuri adhimu. Utosi wake ni wa hudhurungi iliyoiva, mabega yana rangi ya dhahabu, koo ni la manjano lililozungushiwa utepe mweusi, na kifua ni cha feruzi. Riziki yake ni wadudu warukao, nyuki na nyigu hasa, na kumbikumbi mvua inaponyesha. Humnasa nyuki angani, akarudi naye tawini, akambamiza, kisha akamsugua tumbo juu ya gome mpaka sumu imtoke, ndipo ammeze. Kwetu hatagi. Huchimba tundu refu, aghalabu la mita moja na zaidi, katika kingo za mchanga za Hispania, Uturuki na Asia ya Kati, na huko wazazi wote wawili huyalea makinda, pengine wakisaidiwa na jamaa yao ambaye kiota chake kiliharibika mwaka ule.

Taarikhi ya Wanubi wa Makina, mtaa wao huko Kibra, nayo yaanzia kaskazini, tena imechanganyika na ndege kwa namna ambayo wachache huikumbuka. Emin Pasha, tabibu wa Kijerumani aliyetawala jimbo la Ikweta la Sudan tangu 1878 kwa niaba ya Misri, alikuwa mpenzi mkubwa wa ndege, na hata vita vya Mahdi vilipomtenga na ulimwengu hakuacha kuwakusanya, kuwachuna na kuzihifadhi ngozi zao kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya. Alipoondoka pamoja na Stanley, msafiri aliyekuja kumwokoa, mwaka 1889, askari wake wengi walibaki karibu na Ziwa Albert chini ya Selim Bey, na mwaka 1891 Kapteni Lugard, ofisa wa Kiingereza, akawaingiza Uganda na wake zao na watoto wao. Kutokana na askari hao, na Wasudani wengine walioandikishwa baadaye, zikapatikana safu za kwanza za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza lililoundwa 1902. Na waliomaliza utumishi wakaruhusiwa kukaa Kibra, ambayo mwaka 1918 ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi yenye ekari 4,197.

Hapo walilima, wakafuga, wakajenga misikiti na kulea vizazi, lakini hati hawakupewa, na ukosefu huo ndio uliowaponza. Mitaa mipya ilijengwa juu ya mashamba yao na wahamiaji wakafurika kutoka kila pembe ya nchi, hata mwaka 2017, Rais Uhuru Kenyatta alipoikabidhi jamii ya Wanubi hati ya ardhi, zilikuwa zimesalia ekari 288. Kwa maoni yangu, dhuluma ya karne nzima hailipwi kwa ekari hizo.

Msitu wa Barabara ya Ngong, jirani wa Kibra uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, nao umemegwa mara nyingi na kupasuliwa na barabara kuu, ingawa ungali na miti mirefu ambayo ndege msafiri aweza kutua juu yake na kuwinda. Kundi la keremkerem huruka juu sana, na aghalabu husikika kabla ya kuonekana, kwa sauti laini ya kukariri ipenyayo hata kelele za soko la Makina. Basi nawasihi walimu wa shule na wa madrasa wa mtaa huo wawatoe watoto nje Oktoba ijapo, wawaoneshe ndege hao na kuwaandikisha tarehe. Na wazee wenye kauli katika baraza wasikubali msitu ule umegwe tena, hata kwa ekari moja.