Upambanuzi, si Utambuzi

Nimeletewa kijitabu cha afya kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wa mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, Rumonge hadi Nyanza-Lac. Ukurasa wa pili unataja "maumivu na uchovu usiotambuliwa". Mama mdogo ameanika ndagala miaka mingi na sasa hawezi hata kuinua ndoo. Kila akitoka hospitali husema, "Wamenipima, hawakuona kitu." Aliusoma ukurasa huo akaniuliza: "Kwa hiyo mimi siumwi?"

Kosa li katika neno "utambuzi", linalotumika kufasiri "diagnosis". Kutambua ni kumjua tena uliyekwisha kumjua, kama unavyomtambua jirani gizani kwa sauti yake. Tabibu asipotambua, kazi imekwisha, anafunga daftari. Wagiriki waliounda "diagnosis" hawakusema hivyo. Dia ni kutenga, gnosis ni kujua: kujua kwa kutenga.

Neno la kazi hiyo Kiswahili kinalo tangu zamani. Tata, tatua. Funga, fungua. Pambana, pambanua. Ile -u- hulipindua tendo: yaliyopambana yamekutana na kushikana, naye apambanuaye huyatenga moja baada ya jingine. Upungufu wa damu, kichocho cha matumbo kinachopatikana ziwani, tezi la shingo lililolegea, malaria inayorudi, yote humjia mgonjwa kwa sura moja ya uchovu. Nayo fibromialgia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima, haina kipimo cha damu cha kuithibitisha, hivyo maabara haina cha kutambua. Cha kupambanua kipo tele.

Wapo wanaoshikilia "uaguzi". Hao hawajasikiliza lugha za huku. Katika Kirundi umuganga ni daktari wa hospitali, na kuragura, ndugu wa kuagua, ni kazi ya mpiga ramli. Mtampeleka mgonjwa wapi kwa neno hilo?

Pendekezo langu la "upambanuzi" niliwahi kulipeleka kwa wanakamati wa istilahi. Nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba neno ni refu. Limezidi "utambuzi" kwa silabi moja! Kwa silabi hiyo wagonjwa wameachiwa neno linalowakana. Sikuona hoja nyingine katika jibu lile, wala sijaiona hadi leo.

Matumizi ni mepesi: daktari amepambanua malaria na homa ya matumbo, upambanuzi unaendelea.

Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika 2022, unayahesabu maumivu sugu yanayozidi miezi mitatu kuwa yanaweza kuwa ugonjwa wenyewe, hata pasipo chanzo kingine kuonekana. Mama mdogo ana maumivu hayo mwaka wa nne sasa.

Enyi mtakaokichapa upya kijitabu hicho, futeni "usiotambuliwa". Andikeni: "maumivu na uchovu ambao upambanuzi wake haujakamilika".