Gia: Kutoka Mkononi Hadi Vidoleni, na Kurudi

Dereva wa bodaboda anayetoka Garsen kwenda Kulesa, kwenye delta ya mto Tana, hubadili gia kwa unyayo, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Ndani ya giaboksi ya pikipiki yake kuna pipa dogo lenye mifereji. Pedali ikikanyagwa, pipa huzunguka hatua moja na kusogeza gia. Gari la zamani linapoondolewa mkono wa gia na kuwekewa vibao viwili nyuma ya usukani, huweza kufungwa giaboksi ya aina hiyohiyo, ila kazi ya mguu hufanywa na umeme na mgandamizo wa hewa au mafuta.

Vibao hivyo vilipata jina mwaka 1989. John Barnard alibuni gari la Formula One la Ferrari 640, na Nigel Mansell akashinda nalo katika mbio za kwanza kabisa za gari hilo, huko Brazili. Msimu uliobaki ulikuwa wa mateso, gari likizimika mara kwa mara. Mwaka 1997 Ferrari F355 ilileta vibao barabarani kwa njia nyingine: giaboksi ya kawaida ilibaki, ikaongezewa pampu na vifaa vya kuvuta klachi na kuingiza gia. Hiyo ndiyo njia ya pili kwa mwenye gari la kale asiyetaka kutupa giaboksi yake ya asili.

Kwetu, tangu mbio za kwanza za magari za Safari za mwaka 1953, mkono wa gia ulitawala kwa miongo mingi. Joginder Singh alishinda nao 1965 katika Volvo PV544, na Ove Andersson 1975 katika Peugeot 504. Peugeot 504 nyingi za mwanzo zilikuwa na mkono huo kwenye mhimili wa usukani, karibu kabisa na mahali vibao vinapokaa leo!

Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Sébastien Ogier alishinda kwa Toyota Yaris yenye kibao cha gia kwenye usukani. Mwaka uliofuata kanuni mpya ziliondoa kibao ili kupunguza gharama, na Kalle Rovanperä akashinda Safari huko Naivasha kwa kuvuta mkono. Magari yenye injini saidizi ya umeme yakarudia fimbo ya chuma.

Uamuzi huo wa kurudi kwenye mkono una maana kubwa hata kwa gari la kawaida kwenye delta ya Tana. Mvua za Mlima Kenya na Aberdare huujaza mto, na udongo mweusi wa Kulesa hushika magurudumu hadi dereva alazimike kusukasuka gari, gia ya kwanza, rivasi, kwanza tena, akiisikia klachi kwa mguu. Kompyuta ya gia haina unyayo wa kusikia matope. Fimbo ikivunjika, fundi wa kuchomelea ataiunga siku hiyohiyo. Pampu ya kubadili gia ikifa, gari litangoja kipuri kutoka mbali. Kwa 504 ya huku, ningeuacha mkono wake ulipo.