Waluba, Wakristo na Wabudha mbele ya wafu wao

Tarehe 23 Machi 1958, katika misheni ya Kikatoliki ya Mtakatifu Bavo mjini Kamina, Kongo, iliimbwa kwa mara ya kwanza misa ambayo baadaye ilisikika dunia nzima kwa jina la Missa Luba. Maneno yalibaki ya Kilatini. Sauti, ngoma na namna ya kupokezana zilitoka kwa Waluba na majirani zao wa Kasai, na Sanctus ilijengwa juu ya wimbo wa kuagana. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ndiye aliyeongoza kwaya ile ya wavulana na walimu wao, lakini sehemu kubwa ya uimbaji haikuandikwa popote; waimbaji waliibuni palepale.

Naitaja misa hiyo kila ninaposikia watu wakibishana kama mtu anaweza kuwa Mkristo na Mbudha kwa wakati mmoja. Wengi huweka vitabu viwili mezani na kuhesabu yanayofanana: huruma, kusamehe, kutoshikilia mali. Mimi naona tuanze na swali jingine, lile linaloamshwa na wimbo wa kuagana ndani ya Sanctus. Kila imani inataka nini kwa mtu aliyekufa?

Katika familia nyingi za Kiluba, mtoto akizaliwa wazee huuliza ni nani aliyerudi. Labda mama, akiwa mjamzito, alimwota babu yake. Mtoto atapewa jina la babu huyo, na utamsikia mama akimtuma mvulana wa miaka mitano achote maji huku akimwita "papa" kwa heshima zote. Hata hivyo babu hajahama kuzimu. Bado yupo kwa wahenga, bado anaombwa, na wajukuu wawili au watatu wanaweza kulibeba jina lake bila kumgawanya. Placide Tempels, Mfransisko mwingine, aliyefika Kongo mwaka 1933 na kukaa na Waluba, alijaribu kueleza mambo haya katika kitabu chake kilichotoka Elisabethville mwaka 1945. Paulin Hountondji na wanafalsafa wengine wa Kiafrika walimkosoa kwa kuwavika Wabantu wote fikra moja, na walikuwa na haki. Lakini kuna jambo alilisikia vizuri: watu hawa waliomba uzima, na uzima kwao ulikuwa kitu cha kuongezwa, cha kupitishwa kwa watoto, cha kulindwa na waliotangulia.

Ndiyo maana Jamaa, kundi lililozaliwa kwa Tempels pale Kolwezi kuanzia 1953 miongoni mwa wafanyakazi wa migodi na wake zao, lilifundisha kwa Kiswahili mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Maaskofu baadaye walilibana, lakini hawakuweza kusema kwamba Yesu hakuahidi uzima. Hapo Mluba na Mkristo walikuwa wanaelekea upande mmoja, hata kama waliachana kuhusu mizimu na waganga.

Sasa mlete Budha uani kwa yule mama. Atafundisha kwamba kuzaliwa tena na tena ni mateso, na kwamba hekima ni kuuzima mzunguko huo. Katika mazungumzo maarufu ya mfalme Milinda na mtawa Nagasena, kuzaliwa upya kunalinganishwa na taa inayowashwa kwa moto wa taa nyingine: moto unaendelea, lakini hakuna nafsi iliyovuka. Kwa fundisho hilo, basi, hakuna babu aliyerudi, na kutorudi kwa yeyote ndiyo habari njema. Mkristo naye anasema babu hatarudi, ila atafufuliwa, yeye yuleyule, kwa jina lake. Pengo hili ni kubwa, na tabasamu za mikutano ya dini haziliondoi.

Ni kweli mabwana wa mafundisho si dini yote. Wabudha wa Japani huwakaribisha wafu wao nyumbani kila mwaka katika siku za Obon, na nina hakika bibi wa Kamina angeielewa meza yao ya sadaka kabla hajaelezwa. Watu wa kawaida hukutana mahali ambapo walimu wao hawajafika.

Wako pia waliovuka kwa miguu yao. Hugo Lassalle, Mjesuiti Mjerumani aliyefika Japani mwaka 1929 na kunusurika bomu la Hiroshima, aliketi zazen na kuwafundisha Wakristo namna ya kuketi, akafa mwaka 1990 akiwa bado padri. Alichukua ukimya; fundisho la kwamba hakuna nafsi hakulipeleka altareni. Upande wetu wa Afrika, Bhante Buddharakkhita wa Uganda, aliyelelewa Mkatoliki, alifanyika mtawa wa Kibudha na mwaka 2005 akaanzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda. Hakujiita vyote viwili. Mwaka 1989 Vatikani, kwa mkono wa Kardinali Ratzinger, iliwaonya Wakatoliki kuhusu kuchanganya sala yao na mbinu kama za Zen. Onyo lile lilikuwa kali kupita kiasi kuhusu mbinu: kuketi kimya na kufuata pumzi hakumwibii Kristo chochote. Kuhusu fundisho lilikuwa sahihi. Mkristo anayewataja marehemu wake kwa majina kwenye misa ya wafu anamwomba Mungu awahifadhi wao wenyewe, na ombi hilo Budha hakuwaachia wafuasi wake.