Hoho ilipokuwa ikiwasha: Safari ya jina ‘pilipili’ hadi Gatitu

JIONI moja wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba hapa Gatitu, nikimwagilia maji pilipili nilizozipanda katika ndoo kuukuu za rangi. Kijana wa jirani aliye Kidato cha Tatu akanijia na daftari mkononi. Walikuwa wamepewa zoezi la kutafsiri kifungu cha Kiingereza kuhusu mtu aliyeuma tunda dogo jekundu, likamwasha hadi akatokwa na machozi. Tunda hilo kijana alikuwa ameliita ‘pilipili hoho’. Mwalimu wake alilikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: “Hoho haiwashi!” Alama mbili zikaenda.

“Sasa Mwalimu,” akaniambia, “mimi sikubuni. Nilitoa kwa kamusi ya guka.”

Kamusi yenyewe alikuja nayo. Haikuwa na jalada na kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, lakini neno lilikuwepo: hoho, pilipili nyekundu inayowasha. Nilimwomba aniachie daftari siku mbili. Kusema kweli jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mwalimu ana soko zima upande wake, maana nenda kwa mama mboga yeyote pale njia panda ya Gatitu umwambie akupe hoho, atakupa lile tunda nene la kijani ambalo hata mtoto wa miaka miwili hulitafuna bila kulalamika. Kijana naye ana kamusi. Nani kati yao ana Kiswahili?

Hebu tuanzie mbali kidogo.

Neno pilipili ni kongwe kuliko tunda tunalolipa jina hilo leo. Asili yake ni Bara Hindi, ambako katika Kisanskriti kulikuwa na neno pippali, jina la aina ndefu ya pilipili ya mtambazi. Kutoka huko lilikwenda magharibi, Wagiriki wakalifanya peperi na Warumi piper. Waajemi wa kale walisema pilpil. Waarabu, ambao lugha yao haina sauti p, wakasema filfil. Hapa ndipo mwanaisimu husimama na kukuna kichwa. Maneno ya Kiarabu yenye f yalipoingia katika Kiswahili yalibaki na f yao: fedha, faida, fikira, fitina. Iweje basi tuseme pilipili wala si ‘filifili’? Rai yangu ni kwamba neno hili halikupitia kinywani mwa Mwarabu, au kama lilipitia, halikukaa. Lilitufikia moja kwa moja kutoka kwa Waajemi au Wahindi waliokuja na pepo za kaskazi, kisha Kiswahili kikalitengeneza kwa desturi yake ya kutotaka silabi ifungwe na konsonanti: pil-pil ikawa pi-li-pi-li.

Kilichokuja na jina hilo ni kile kitu cheusi, cha mviringo, kinachotoka katika mtambazi unaopanda miti huko Malabar, kusini magharibi mwa India. Ni pilipili tunayoiita leo pilipili manga. Tena hatuhitaji kubahatisha kama ilikuwa imefika pwani yetu mapema. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Mogadishu mwaka wa 1331 alikaribishwa chakula na akaeleza alichowekewa: wali wa samli na vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari ya ndimu, tangawizi mbichi, maembe na vishada vya pilipili vilivyolowekwa katika siki na chumvi. Msomaji wa leo akifika hapo huona akilini zile pilipili ndefu za kijani zilizo katika chupa za achari za Mombasa. Sizo. Mwaka wa 1331 hakukuwa na hata moja kati ya hizo katika Afrika, Asia wala Ulaya. Vishada vile vilikuwa vya pilipili manga mbichi, kabla haijakaushwa na kuwa nyeusi, na ndiyo maana vilikuwa vishada.

Tunda linalotuwasha leo lilikuwa bado ng’ambo ya Atlantiki. Watu wa Mexico na Amerika Kusini walikuwa wamelilima kwa maelfu ya miaka na walikuwa na majina yao wenyewe. Christopher Columbus alipovuka bahari mwaka wa 1492 alikuwa akitafuta njia ya kufika India, na mojawapo ya mali alizozitamani ni pilipili nyeusi. Hakuifikia India. Lakini katika visivyo vya Karibi, pardon yake, alikuta watu wakila tunda jekundu linalochoma ulimi, akaliita pilipili. Kosa hilo halijasahihishwa hadi leo, si kwa Kihispania, si kwa Kiingereza, na wala si kwa Kiswahili. Kibotania mimea hii miwili haina udugu wowote. Pilipili manga ina ukoo wake. Ile ya Columbus ni ndugu wa nyanya, biringanya, viazi, tumbaku na, kwa sisi wa Nyeri, managu. Ukitaka kuhakikisha, tazama ua la mpilipili na ua la managu kwa pamoja.

Wareno ndio walioisambaza duniani. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, na kabla ya karne iliyofuata kwisha Wareno walikuwa wakijenga Fort Jesus pale Mombasa, kazi iliyoanza mwaka wa 1593. Katika miaka hiyo mimea ya Amerika ilishuka pwani mmoja baada ya mwingine: mahindi, muhogo, mananasi, mapapai. Jambo la ajabu ni kuwa baadhi iliingia na jina la Kireno au la huko ilikotoka, kama vile nanasi, lakini pilipili haikuingia na jina. Wareno walisema pimenta, na pimenta haikushika. Mswahili alilionja tunda, akasema: hii ni pilipili. Kumbe yeye naye, bila kumjua Columbus, akarudia kosa la Columbus! Si hivyo tu. Wareno wenyewe wakaja kulichukua neno la Waafrika wa upande huu wa bara, na leo ukiingia katika mkahawa wa Maputo au Lisbon utauliziwa kuku wa piri-piri.

Sasa pwani ikawa na pilipili mbili na jina moja. Lugha hufanya nini hapo? Hufanya kile ilichofanya juzijuzi kwa simu. Zamani simu ilikuwa simu, basi. Ilipokuja ile ya mkononi, ya zamani ikabidi iongezewe maneno: simu ya mezani. Mwenye nyumba akageuka kuwa mgeni anayehitaji kutambulishwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa pilipili nyeusi. Ilipewa kivumishi manga, jina la kale la Arabuni na hasa Oman, linalopatikana pia katika komamanga na kungumanga. (Kwamba zao la Malabar limeitwa la Arabuni kisitushangaze, maana lilitajwa kwa jina la aliyelileta sokoni. Mahindi nayo yanatangaza Uhindi ilhali asili yake ni Mexico.) Ile nyekundu ikaitwa hoho.

Hoho ni nini? Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kunishikilia kwamba ni mlio wa mtu aliyeungua mdomo: ho! ho! Nilicheka, sikumpa alama. Lakini kuhusu maana, ushahidi upo. Edward Steere, askofu wa Kianglikana aliyekaa Unguja, alichapisha mwongozo wake wa Kiswahili mwaka wa 1870. Humo pilipili manga ni nyeusi na pilipili hoho ni nyekundu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka wa 1939, ambayo kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa rejea ya shule za Afrika Mashariki, ilishika njia iyo hiyo. Na pilipili nyekundu ya Unguja wakati huo haikuwa mboga ya kukata kwenye saladi. Zanzibar ilikuwa ikiuza nje pilipili kavu kali, zikijulikana katika masoko ya London kwa jina la kisiwa hicho.

Kwa hivyo kamusi ya guka haikudanganya. Hoho ilikuwa ikiwasha.

Ilipoa lini? Hapa natoa maoni yangu na msomaji ana ruhusa ya kuyapinga. Katika matumizi ya kila siku, tunda jekundu lilizidi kuzoeleka hadi likanyakua jina lote. Leo Mkenya akisema “ongeza pilipili” hamaanishi manga. Ile ndogo kali kupindukia ikapewa jina la pilipili kichaa. Neno hoho likabaki bila kazi, kama nyumba isiyo na mpangaji. Ndipo pilipili kubwa isiyowasha, iliyokuzwa na wafugaji wa mbegu wa Ulaya na Marekani, ilipoanza kuenea mashambani mwa bara. Mojawapo ya aina hizo, California Wonder, ambayo hadi leo utaikuta katika agroveti yoyote mjini Nyeri, ilitoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Mgeni huyo akaingia katika nyumba iliyokuwa wazi.

Dalili inayonifanya niamini hivyo inatoka pwani. Mombasa utawasikia wapishi wakiita tunda hilo pilipili mboga, na Zanzibar pilipili boga. Yaani pale ambapo hoho ya zamani ilikuwa na wenyewe, mgeni alilazimika kutafutiwa jina jingine. Sisi wa bara, tuliolipokea neno bila kumbukumbu yake, hatukuwa na kizuizi.

Na kwa kweli huku kwetu pilipili ya aina yoyote ni jambo la jana. Githeri, mukimo na njahi za mababu zetu hazikujua viungo. Kituo cha Nyeri kiliasisiwa na Waingereza mwaka wa 1902, maduka ya Wahindi yakafuata, na humo bizari na pilipili. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga Karatina kwa ajili ya wanajeshi, na wakulima wengi wakazoea kuitazama mboga kama mali ya kuuza. Jina nalo lilipanda mlima likabadilika njiani. Gikuyu haina p ya asili wala l, na wazee hapa husema biribiri. Pilpil, filfil, pilipili, piri-piri, biribiri: neno ni lile lile, kila mtu amelitafuna kwa meno yake. Gatitu yenyewe ni neno la kutafunwa hivyo. Ni ‘kamsitu’, kiambishi ka- cha udogo kikiwa kimelainika kuwa ga- mbele ya t, kwa ile kanuni wanaisimu wanayoiita ya Dahl.

Msitu mdogo wenyewe sijui ulikwenda wapi, ila baridi yake imebaki. Tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mpilipili ni mmea wa joto. Mbegu nilizozipanda Julai zilikaa karibu wiki tatu ndani ya udongo bila dalili yoyote, nikadhani nimeuziwa vumbi. Za Januari zilichomoza siku ya tisa. Niligundua kwamba ndoo zilizoegemea ukuta wa mawe unaopigwa na jua la mchana huzaa mapema kuliko zile za uani, kwa kuwa ukuta huo hutunza joto hadi usiku. Maji mengi huoza mizizi, kwa hiyo ndoo lazima itobolewe chini. Vidukari nao hawaogopi ukali. Hukaa chini ya majani na kunyonya kama kwamba wamekaribishwa. Nimewaosha kwa maji ya sabuni.

Kijana aliporudi kuchukua daftari nilimwambia hivi: mwalimu wako yuko sahihi kwa Kiswahili cha leo na cha hapa, wewe ulikuwa sahihi kwa Kiswahili cha 1939. Ungeandika pilipili, bila kuongeza kitu, msingegombana. Lakini “Hoho haiwashi!” kwa alama ya mshangao ni ukali ambao neno hilo halikustahili. Nimemwandikia mwalimu barua fupi, nikaambatisha nakala ya ukurasa wa kamusi. Alama mbili si mali ya kupigania mahakamani, ila mtoto aliyefungua kamusi asiadhibiwe kwa kuifungua.

Cucu wake alikuwa amemfuata, akawa amesimama kando ya ua la kai apple akitazama mpilipili mdogo uliojiotea wenyewe chini yake. Sikuupanda mimi. Ndege huzila pilipili kichaa bila kuhisi chochote, kwani ile kemikali inayotuchoma sisi haiwagusi, kisha hudondosha mbegu wanapotua. Kijana akauliza, “Na hii nayo, Mwalimu, inaitwaje?” Nilikuwa nikifungua kinywa nianze habari za kichaa, cucu akanitangulia.

“Biribiri cia nyoni,” akasema, pilipili za ndege, akachuma tatu na kuzifunga katika pindo la leso yake.