Kuandikisha mtoto maternele ya parokia: mlango uliofunguliwa kwanza kwa watoto wasio na karatasi

Kila mwaka, toka mwezi wa saba, wamama wengi hapa Kalemie wanaamka mapema, wanaosha mtoto, wanampaka mafuta, wanamvalisha nguo ya Siku ya Mungu na kwenda naye kwenye shule ya parokia. Wanataka aandikwe maternele. Mwaka huu nilikuwa kwenye mstari huo mimi pia, na binti yangu wa miaka minne.

Mbele yangu alisimama mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Fizi na kufika hapa kwa mtumbwi. Direktrisi alimwuliza kwa upole: "Mama, karatasi ya kuzaliwa ya mtoto iko wapi?" Akajibu: "Ilibaki ndani ya nyumba, Mama Direktrisi. Na nyumba iliungua." Akaambiwa arudi siku atakapoipata. Akamshika mtoto mkono, wakatoka. Mtoto alikuwa anauliza: "Mama, ni kesho?"

Shule hiyo sitaitaja, maana jambo hili si la shule moja. Lakini sauti ya yule mtoto haikuniacha. Nyumbani nilianza kuuliza maswali ambayo wasikilizaji wengi wanajiuliza: shule ya parokia ni ya nani hasa? Kwa nini primere ni ya bure na maternele tunalipa? Na mtoto asiye na karatasi, ana nafasi ao hana? Majibu yote matatu yako katika historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilianzia hapa hapa, kando ya ziwa letu.

Wanafunzi wa kwanza

Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie kule Alger mwaka 1868, walifika upande wetu wa Tanganyika mwaka 1880. Mwaka 1883 wakafungua misioni ya Kibanga. Mwaka huo huo Storms, askari Mbeleji, alijenga boma kule Mpala, kati ya Kalemie na Moba. Mwaka 1885 boma hilo likawekwa mikononi mwa mapadri. Mwaka 1893 wakaanzisha Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, kule Moba.

Ilikuwa wakati mbaya. Misafara ya watumwa ilikuwa ikivusha watu ziwa kwenda Ujiji, na toka Ujiji kwenda pwani. Vijiji vilichomwa. Watu walikimbilia milimani na kwenye visiwa. Basi ni nani walioketi kwanza mbele ya ubao katika misioni hizo? Hawakuwa watoto wa masultani. Wazazi wengi wa vijiji vya karibu walikuwa na wasiwasi, hawakutaka kutoa watoto wao kwa wageni. Wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa kwa vitambaa kutoka mikononi mwa wachuuzi wa watumwa, mayatima, na watoto wa watu waliokuja kujificha nyuma ya ukuta wa misioni. Wengi hawakujua mwaka waliozaliwa. Wengine hawakujua hata kijiji chao kiliitwaje. Kwa neno la leo, walikuwa wakimbizi wa ndani.

Tusipambe mambo. Watoto hao walifundishwa, lakini pia walilima shamba la misioni, na hawakuulizwa kama wanataka dini mpya. Lakini jambo moja ni kweli: mlango ulifunguliwa bila karatasi. Mapadri wenyewe ndio walioandika jina la mtoto na umri wa kukadiria katika kitabu cha ubatizo. Kwa watu wengi wa huku, kitabu hicho kilikuwa maandishi ya kwanza yenye jina lao.

Kutoka shule hizo alitokea Stefano Kaoze, mtoto wa Mtabwa aliyesoma Mpala. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, akawa padri, Mkongomani wa kwanza wa nyakati zetu. Alikuwa pia kati ya Wakongomani wa kwanza kuchapishwa maandishi yao kwa Kifaransa.

Serikali na misioni

Mwaka 1906 serikali ya Mfalme Leopold ilifanya mapatano na Vatikano: misioni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Kuanzia miaka ya 1920 Wabeleji wakaanza kutoa pesa kusaidia shule za misioni za kikatoliki. Waprotestanti walingoja mpaka kisha vita kuu ya pili. Shule ya serikali isiyo ya dini, kwa watoto weusi, ilikuja kwa nguvu mwaka 1954 tu, wakati wa waziri Buisseret. Ndiyo maana hata leo, ukitafuta shule ya zamani katika mji wowote wa mashariki, mara nyingi utaikuta karibu na kanisa.

Na maternele? Ilikuja nyuma. Wazee bado wanaiita "gardiene", maana ilikuwa mahali pa kuchunga watoto. Ilikuwa kazi ya masista, na ilistawi hasa mijini na kwenye makampi ya wafanyakazi, kama yale ya Union Minière kule Katanga ya kusini. Mtoto wa kijijini hakuijua. Yeye alingoja primere, na kwa sababu karatasi zilikuwa chache, mwalimu alimpima kwa njia ambayo babu zetu wote wanaikumbuka: pitisha mkono wa kuume juu ya kichwa; ukigusa sikio la kushoto, umefika umri wa shule.

Shule ya parokia ni ya nani?

Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alinyang'anya makanisa shule zote na kuzifanya za taifa. Mambo hayakwenda vizuri. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ikatia sahihi mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu: shule zinabaki za serikali, lakini kanisa linaziongoza. Ndizo tunazoita shule za konvasione. Serikali inatoa programu, inatuma ispekta, na inapaswa kulipa walimu. Kanisa, kupitia koordinasioni ya jimbo la kiaskofu, linasimamia kazi ya kila siku.

Kwa hiyo shule ya konvasione si mali ya Padri Paroko, wala si ya wabatizwa peke yao. Katiba ya 2006, kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongomani katika mambo ya masomo kwa ajili ya dini yake, kabila lake, hali yake ya maisha ao mahali anapokaa. Sikieni neno hilo la mwisho: mahali anapokaa. Mtoto wa site ya wakimbizi ni sawa na mtoto wa mjini. Na mtoto wa Mwislamu ao wa Mprotestanti halazimiki kuleta karatasi ya ubatizo ili apate kiti.

Lakini angalisho: parokia nyingine, na mashirika ya masista, wana maternele ambayo ni ya binafsi kabisa, hata kama iko ndani ya uwanja wa parokia. Uliza mapema: hii ni ya konvasione ao ni ya binafsi? Jibu hilo litakueleza ni nani analipa mwalimu na ni wapi unaweza kupeleka malalamiko.

Kwa nini tunalipa?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilishindwa kulipa walimu. Walimu waligoma, shule zilifungwa. Wazazi na makanisa wakakubaliana kwamba mzazi atoe "prime" kidogo ili mwalimu arudi darasani. Ilikuwa dawa ya muda. Ikadumu karibu miaka 30.

Kifungu cha 43 cha katiba kilisema masomo ya primere ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali, lakini ni Septemba 2019 ndipo jambo hilo lilianza kutendeka kweli. Neno ni hilo: primere. Maternele, ile miaka mitatu ya watoto wa miaka 3 mpaka 5, ilibaki nje. Walimu wengi wa maternele wanaishi kwa pesa ya wazazi tu. Ndiyo maana dada anaanza primere bure, na mdogo wake wa miaka minne anaombwa minervali, tabliye, ardwazi na sabuni. Si lazima direktrisi awe mwizi. Lakini mzazi ana haki ya kuambiwa bei yote mwanzoni, na ya kupewa risiti.

Mtoto asiye na karatasi

Sheria inataka kuzaliwa kuandikwe ofisi ya etasivili ndani ya siku 90, bure. Siku hizo zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama, ile watu wanaita supletifu. Kwa familia iliyokimbia, ni safari ndefu na ina gharama. Lakini sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inasema kila mtoto ana haki ya masomo. Haki hiyo haingoji muhuri.

Basi wazazi, msirudi nyumbani kimya. Beba karatasi ya chanjo kama iliponyoka, kwa sababu mara nyingi ina tarehe ya kuzaliwa. Omba barua kwa shefu wa kartie ao kwa kiongozi wa site. Kama mtoto alibatizwa, mwombe padri wa hapa awasiliane na parokia ya kule mlikotoka. Vitabu vya ubatizo mara nyingine vinapona pale nyumba hazikupona. Omba mtoto aandikwe kwa muda, huku mkitafuta supletifu. Na usingoje Septemba. Viti vya maternele ni vichache.

Yule mama nilikutana naye tena sokoni, wiki mbili kisha. Parokia nyingine ilimpokea mtoto kwa barua ya kiongozi wa shirika na ya shefu wa kartie, kwa sharti alete supletifu kabla mwaka wa shule haujaisha. Pesa ya tabliye bado ni deni. Nilimwuliza mtoto kama anafurahi. Alinionyesha ardwazi yake tu, akaificha tena nyuma ya kitenge cha mama.

Kwa wakurugenzi, masista na mapadri wetu wanaosoma haya, nina ombi moja. Mtakapomwuliza mzazi karatasi, kumbukeni Mpala na Kibanga. Kama siku ile mapadri wangedai karatasi kwanza, madarasa yale yangebaki matupu.